Pwani isiyo na mnazi: maswali yenu kuhusu kutembea na kulala jangwani kando ya bahari

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu ile safari yangu ya Namibia, kutembea kwa miguu siku tano na kulala kwenye mahema pembeni ya bahari, kwenye ile pwani ya jangwa wanayoiita Skeleton Coast, yaani pwani ya mifupa. Nikajua nimemaliza. Aisee! Meseji zimeingia mpaka simu ikawa inaganda, na nusu yake zimetoka hapahapa Dodoma, watu wa Ipagala, Nkuhungu, Kisasa, mpaka Kongwa huko, sijui ni kwa vile tuko mbali na bahari au ni nini. Basi leo ukurasa wote ni huo. Wa maswali ya mabegi ya shule ya watoto mnisamehe, ntawajibu mwezi ujao.

Shikamoo anko. Sisi ni walimu wanne, tuna kikoba chetu tumechanga miaka mitatu, tunataka kwenda hiyo safari mwezi wa saba mwakani na kampuni ya kulekule. Mi nasema tubebe nguo nyepesi tu maana jangwa ni joto na joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja tumelizoea, mwenzangu anasema tubebe makoti. Tumebishana mpaka tumenuniana, yaani ofisini hatusalimiani. Tuamulie. – Mwalimu, Ipagala

Marahaba mwalimu. Kesho asubuhi nenda kamwombe mwenzio msamaha, na umnunulie chai na chapati, maana yeye ndo yuko sahihi.

Hilo kosa nililifanya na mimi kwahiyo sikucheki. Nilitoka hapa na mashati mawili ya mikono mifupi na sweta moja la mtumba la kulalia basi, nikijisemea mi ni mtu wa ukame, jangwa litaniambia nini. Siku ya kwanza tumeamka saa kumi na moja alfajiri, nje huoni hema la jirani, ukungu mzito kama moshi wa tanuru la matofali, hema limelowa kama limenyeshewa usiku kucha na mvua haijanyesha hata tone, na upepo unatoka baharini unapita kwenye mbavu. Unaujua ule upepo wetu wa mwezi wa saba hapa Dodoma, ule wa watoto kwenda shule na makoti? Uchukue huo, uuloweshe maji, ndo ule.

Sababu yake ni bahari yenyewe. Ile sio bahari ya Dar au Tanga unayoingia kama beseni la maji ya kuoga. Ile ni Atlantiki, na kuna mkondo wa maji baridi unaoitwa Benguela unapanda toka kusini, halafu upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, ya chini yenye ubaridi yanapanda kuziba nafasi. Sasa hewa inayopita juu ya maji hayo inapoa, inakuwa nzito, haiwezi kupanda juu ikatengeneza mawingu ya mvua, inaishia kuwa ukungu unaoburuzika chini kwa chini. Ndo maana unakuta kitu cha ajabu, jangwa limeshikana na bahari. Mji wa Swakopmund unapata mvua isiyofika milimita 20 kwa mwaka, wakati sisi tunaojiita watu wa ukame tunapata kama 550 hadi 600, lakini siku za ukungu kule ni zaidi ya 100 kwa mwaka. Vijidudu vya kule vinaishi kwa huo ukungu, kuna mbawakawa anapanda juu ya tuta la mchanga asubuhi, anasimama kichwa chini makalio juu, matone yanajikusanya mgongoni yanatiririka mpaka mdomoni. Nilimkalia nusu saa nzima namtazama, wenzangu wakaniacha.

Kwahiyo mwalimu, jaketi la kuzuia upepo, sio la urembo, la kuzuia upepo kweli. Sweta mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene maana utakuwa unavua na kuvaa siku nzima. Kofia ya kufunika masikio, na nyingine ya pama kwa ajili ya jua, kwa sababu kufika saa tano ukungu unayeyuka na jua linakuja kama limetumwa. Tena hata ukungu ukiwepo jua linakuunguza, midomo ilinipasuka siku ya pili nikawa nashindwa kucheka. Begi la kulalia liwe la baridi, na shuka la kimasai usiliache, lile ni blanketi, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kila kitu. Soksi za sufu jozi nne. Jinzi acha nyumbani, ikilowa haikauki na ikikauka na chumvi inakuchubua mapaja.

Anko mambo vipi. Mi nauliza kitu kimoja, hivi hiyo safari si unafuata bahari tu? Bahari ikiwa kushoto basi unaenda kaskazini, ikiwa kulia unarudi kusini, unapoteaje hapo? Kwanini nilipe hela nyingi za gaidi wakati simu ina ramani? – Mwanachuo, UDOM

Poa mdogo wangu. Kwanza andika mwongozaji, huyo gaidi uliyemwandika hapo ni mtu mwingine kabisa, polisi wakipitia hiyo meseji mtaelewana vibaya.

Pili, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, hata mi nililiuliza siku ya kwanza na yule mwongozaji wetu hakunijibu, alitabasamu tu akasema tutaona. Siku ya pili nikaona. Iko hivi, ufukweni unatembea pale mchanga ulipolowa ukakaza, ukipanda juu kidogo kwenye mchanga mkavu kila hatua mguu unazama na nguvu zako zinaisha kabla ya saa nne. Lakini hiyo njia ngumu ipo pale maji yakipwa tu. Wenzetu wa pwani haya wanayanywa na maziwa ya mama, maji kupwa maji kujaa, bamvua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, sisi wa bara tunayasikia kwenye taarabu. Maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, kama saa sita sita hivi, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Mwongozaji ana karatasi yenye saa hizo, na safari yote imepangwa kwa karatasi hiyo, sio kwa njaa yako. Tulikuwa tunaamshwa saa tisa usiku siku nyingine, mnalalamika, mnakunja mahema gizani, halafu saa tatu asubuhi mnageuka nyuma mnaona pale mlipopita pembeni ya jabali sasa hivi mawimbi yanapiga ukutani. Hapo ndo nilinyamaza.

Halafu kuna mito. Kule mito mingi ni kama makorongo yetu, muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu, lakini mdomoni mwa mto panapokutana na bahari panaweza kuwa na tope juu limekauka kama chapati, chini laini, unakanyaga mguu unaingia mpaka gotini. Halafu kuna makundi ya sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi wanaolala ufukweni, ambayo lazima myazunguke kwa nchi kavu, na hapo ndo ramani yako ya bahari kushoto inapokufa, kwa sababu mnaiacha bahari, ukungu unashuka, mawimbi unayasikia kila upande, na matuta yote yanafanana. Manahodha wenye vyombo walipotea kwenye ukungu huohuo. Kusini ya Walvis Bay kuna meli ya Wajerumani, Eduard Bohlen, ilikwama 1909 kwenye ukungu, na leo iko nchi kavu kabisa, mamia ya mita toka majini, kwa sababu mchanga umeendelea kuisukuma bahari. Unaangalia picha yake unasema nani kaileta meli jangwani.

Na hata ungekuwa na macho ya kupenya ukungu, huruhusiwi. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1971, inaanzia mto Ugab mpaka mto Kunene mpakani na Angola, kama kilomita 500, na sehemu ya kaskazini haiingiliki mpaka uwe na kampuni yenye kibali maalumu. Getini Ugab wamechora fuvu na mifupa miwili, sijui walikuwa wanatania au wanaonya. Mtandao wa simu huko ndani sahau, ile ramani yako itakuonyesha kinukta cha bluu mpaka chaji iishe, na chaji kwenye baridi inaisha haraka.

Lipa mdogo wangu. Au usiende.

Habari za kazi anko, mi ni kijana wa hapa Nkuhungu, nimekulia maji ya Dodoma haya ya visima, unajua mwenyewe yalivyo na chumvi, sabuni haitoi povu na birika lina ukoko mweupe. Sasa nauliza kwa utani lakini niko siriaz, mtu kama mimi nikiishiwa maji huko si naweza kupiga glasi moja ya bahari mwili ukavumilia? – Mtoto wa Visima

Hahaha, nimecheka mpaka jirani kauliza kuna nini. Hapana. Hata kidogo. Maji ya kisima chetu yana chumvi ya kuudhi, ya bahari yana chumvi ya kuua. Lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na figo zako haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwahiyo ili kuitoa zinachukua maji mengine mwilini mwako, unakunywa glasi unapoteza glasi na nusu. Unakufa na kiu huku tumbo limejaa maji.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kitu pekee ambacho wasomaji wengi hawajaniuliza, wanauliza simba, wanauliza picha, wanauliza kama kuna wachumba. Piga hesabu na mimi. Mtu anayetembea na mzigo anahitaji lita nne mpaka tano kwa siku, pamoja na ya kupikia. Lita moja kilo moja. Siku tano ni kilo 25 za maji tu, hujaweka hema, hujaweka unga. Hakuna mtu wa kuubeba mzigo huo. Wagumu wetu wa Kilimanjaro, wale wapagazi wa mlimani, wenyewe wana kikomo cha kilo 20, na wao kila kambi wanakuta au wanafuata maji. Kwahiyo safari yoyote ya namna hii maana yake lazima maji yawe yametangulia, ama kuna gari linakutana nanyi jioni, ama madumu yamefukiwa mahali mapema. Sasa hapo ndo muulize kampuni kabla hujatuma hata senti, tena uulize kwa maandishi wakujibu kwa maandishi, maji yako wapi, lita ngapi kwa kila mtu kwa siku, nani ameyaweka na lini, gari likikwama inakuwaje, simu ya setilaiti iko moja au mbili, na mtu akivunjika mguu siku ya tatu anatolewaje. Wakikujibu usijali ndugu kila kitu kipo, funga mazungumzo. Mi kuna kampuni moja siitaji, si ya huko Namibia, niliwahi kwenda nayo matembezi mengine, ikatuambia maji yapo, tukafika tukakuta dumu moja la lita 20 watu tisa. Tangu siku hiyo nimekuwa mkorofi.

Kule pwani kuna kisa kinasimuliwa sana cha meli ya Uingereza, Dunedin Star, ilipata ajali mwishoni mwa Novemba 1942, ina watu 106. Watu 63 wakafika ufukweni kwa boti, wamo wanawake na watoto wachanga, halafu boti ikaharibika, wengine wakabaki melini. Wamefika nchi kavu, unasema Mungu mkubwa wameokoka. Kumbe ndo shida inaanza, hamna maji, hamna kivuli, hamna mti. Ndege ikaja kuwaangushia maji, mengine yakapasuka yalipogonga mchanga. Ndege nyingine ikatua kuwachukua, ikazama mchangani ikashindwa kuruka. Meli ndogo iliyotumwa kusaidia nayo ikavunjika na watu wawili wakafa. Magari yakatoka bara, yakawa yanakwama na kuchimbuliwa, yanakwama na kuchimbuliwa. Walitoka wote waliofika pale ufukweni, lakini angalia ni vyombo vingapi vilitumika.

Ila bahari ina kazi. Mpishi wetu alikuwa anachemshia viazi, vinatoka vimeshakolea chumvi, na vyombo tunasugua kwa mchanga tunasuuza humohumo. Ya kunywa haiguswi.

Shikamoo. Mume wangu ananiambia kuna simba wanaotembea ufukweni, ananitania au ni kweli? – Mama wawili, Kisasa

Marahaba mama. Hakutanii. Simba wa jangwani wanashuka na mabonde ya ile mito mpaka pwani, na miaka ya karibuni wameonekana wakiwinda sili ufukweni. Ni wachache mno kwenye eneo kubwa mno, mi sikuona hata mmoja, niliona nyayo tu, na nyayo zilinitosha. Wanaokuja kambini kweli ni mbweha, wezi wakubwa, mmoja alinibebea kiatu kimoja tukakikuta mita 100 huko kimetafunwa ulimi. Na fisi wa kahawia, huyo ana manyoya marefu kama kavaa koti la mkopo, anapita usiku kimyakimya kutafuta mizoga. Chakula chote kinakaa garini au kwenye masanduku, ndani ya hema hata pipi usiweke, kiatu ingia nacho ndani, usiku ukitaka kutoka washa tochi uzungushe kwanza. Tembo wapo pia kwenye mabonde, huko unatembea nyuma ya mwongozaji na mdomo umefunga.

Anayekupa tabu kuliko wote ni sili mwenyewe. Ni mnyama wa baharini kama mbwa mnene aliyebadilishiwa miguu akapewa mapezi, pale Cape Cross wanakusanyika mpaka laki moja, laki mbili, na harufu yake, mama, harufu yake unaipata kilomita kadhaa kabla, inakaa kwenye nywele wiki. Dume likiwa njiani kwenda majini usisimame katikati yake na bahari. Hapohapo Cape Cross ndo Mreno Diogo Cão alisimika msalaba wa mawe 1486, sijui alivumilia vipi.

Anko naomba usitaje jina. Choo inakuwaje? Na kama mtu yuko kwenye siku zake? – Dada, Area C

Umeuliza la maana dada, na wengi wamelikwepa. Kuna kambi zenye gari wanaweka kihema cha choo, ambazo hazina unapewa koleo. Kwenda unaenda mbali na kambi, upande wa chini ya upepo, unamwambia mtu mmoja unaelekea wapi (hilo ni sharti, kwenye ukungu watu wamepotea wakienda kujisaidia), unachimba, unafukia. Karatasi hufukii. Unarudi nayo kwenye mfuko wa nailoni, na pedi hivyohivyo, mfuko ndani ya mfuko, ukiweka na majani ya chai makavu kidogo haitoi harufu. Sio ushamba wao, ni kwamba lile jangwa halisahau, hamna mvua ya kuozesha kitu, alama za matairi zilizopita miongo mingi nyuma bado zinaonekana kama za jana. Hata mawe usikanyage ovyo, mengine yana vitu kama kuvu kavu ya rangi ya chungwa au kijani, vinaishi kwa umande na vinakua polepole sana, hatua moja ya buti umeharibu kazi ya miaka. Na ukiona mmea umelala chini kama kitambaa kilichochanika usiuguse, ni welwitschia, una majani mawili tu maisha yake yote, mingine ina zaidi ya miaka elfu.

Kuoga, kitambaa na maji ya glasi mbili. Beba wet waipsi. Siku ya tatu wote mnanuka sawa kwahiyo hamna anayemnyooshea mwenzie kidole. Tena mwambieni mwongozaji mapema kama mko wanawake wengi, wa kwetu alikuwa anasimamisha msafara kila baada ya saa moja na nusu, wanaume mbele wanawake nyuma, bila mtu kuomba.

Nina miaka 58, mstaafu, niko Veyula. Afya njema ila magoti yanalia kidogo. Nitajiandaaje nikiwa hapahapa Dodoma ambapo hamna ufukwe? – Mstaafu

Shikamoo mzee. Ufukwe hamna lakini mchanga upo, tena wa bure. Shuka kwenye korongo lolote kubwa hapo jirani kiangazi hiki, tembea ndani ya mchanga mkavu dakika 40, jioni yake utaniambia misuli ya nyuma ya mguu inavyolia, maana huo ndo mguu wenyewe wa safari. Anza mara tatu kwa wiki bila mzigo, wiki ya tatu weka begi la kilo tano, ongeza mdogomdogo mpaka kumi na mbili, nondo za uzito sio lazima, chupa za maji zinatosha na ukichoka unamwaga. Jumamosi panda Mlima wa Simba kwa ajili ya pumzi, na mara moja moja nenda mbali kidogo, Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, kutwa nzima mnapanda na kushuka, utajua kama viatu vyako ni viatu au ni mapambo.

Magoti yako, fimbo mbili, sio moja. Na umwone daktari kabla, zipo njia zenye kuongozwa kwenye hifadhi ile, kama ile ya bonde la Ugab ya kilomita 50 kwa siku tatu, ambazo imekuwa kawaida kudai cheti cha daktari. Malengelenge yasikutishe, ila ukihisi tu mahali panapata moto simama palepale, vua, kung'uta mchanga, bandika plasta. Usione aibu kusimamisha watu. Mi niliona aibu, nikajikaza kisabuni mpaka kambini, siku mbili zilizofuata nilitembea kama bata.

Hema nalo lifanyie mazoezi uwanjani kwako. Vile vigingi vya kawaida kwenye mchanga ni sawa na kuchomeka njiti ya kiberiti kwenye uji. Siku ya kwanza mchana upepo wa bahari ulipoamka hema langu liliondoka, sisemi lilianguka, liliondoka, tukalikimbiza mimi na Mkenya mmoja kama tunafukuza kuku. Dawa yake ni viroba. Unajaza mchanga, unafunga kamba ya hema, unakifukia kwenye shimo la magotini, hapo hata upepo wa aina gani haling'oki. Beba viroba sita vitupu, havina uzito, mwongozaji mwenyewe aliniomba nimwachie.

Anko sisi wengine hizo hela za ndege hatuna. Hamna kitu kama hicho hapa nchini? – Dereva, Majengo

Ipo nusu yake. Nenda Ziwa Natron. Unapanda basi la Arusha la kupitia Babati mpaka Makuyuni, halafu Mto wa Mbu, halafu Engaruka mpaka Engaresero, na pale vijana wa Kimasai wanaokuongoza wapo. Ukingo wa ziwa mkavu mweupe wa magadi, ukimya, flamingo kwa mbali, Ol Doinyo Lengai juu yako. Ila kule ni kinyume, joto la kufa mtu, kwahiyo unatembea alfajiri tu, na maji ya ziwa yanachoma ngozi. Maji ya kunywa hesabu ni ileile.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Kongwa. Mjukuu wangu anafanya kazi kampuni ya utalii Arusha, anapelekwa huko Namibia kujifunza, atatembea hiyo pwani. Sisi wakati wa Mwalimu hapa tulikaa na vijana wa Namibia, wa SWAPO, na wengine wa Afrika Kusini na Msumbiji. Nauliza, hiyo pwani ndo kwao wale vijana? Na wanatukumbuka? – Mzee, Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Barua yako niliisoma mara tatu, na nimeiweka mwisho makusudi ili nisiharakishe.

Wasiojua, Kongwa miaka ya 1960 palikuwa na kambi za wapigania uhuru, palepale ambapo Waingereza walikuwa wameacha majengo ya ule mradi wao wa karanga uliokufa 1951. SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walikuwepo, na katika wale waliopigana vita ya kwanza kule kwao, Omugulugwombashe, tarehe 26 Agosti 1966, wamo waliotokea huko kwako. Uhuru wameupata 21 Machi 1990, karibu miaka 24 imepita hapo katikati.

Pwani ile sio kwao mzee. Pale haishi mtu, ni mifupa ya nyangumi na mabaki ya meli tu, ndo maana ikaitwa pwani ya mifupa. Wale vijana wengi walitoka kaskazini, Owambo, bara, mamia ya kilomita toka baharini, nchi tambarare ya vumbi, mifugo na mashamba.

Kuhusu kukumbuka, ntakwambia nilichokiona mimi. Jioni ya kwanza kambini tunajitambulisha, huyu Mjerumani, huyu Mkenya, mimi nikasema natoka Tanzania, mji unaitwa Dodoma. Yule mwongozaji, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anapuliza moto, akaacha. Akaniuliza kwa Kiingereza, Dodoma ni karibu na Kongwa? Nikamwambia gari la saa moja na kidogo. Akasema mjomba wake alikaa Kongwa. Hakusema zaidi, akarudi kupuliza moto, ila tangu hapo hadi mwisho wa safari chai yangu ilikuwa inakuja ya kwanza, na wale Wajerumani hawakuelewa kwanini.

Kwahiyo mwambie mjukuu akiulizwa anatoka wapi asiseme Arusha. Abebe kadi ya njano ya chanjo na hela kidogo za randi ya Afrika Kusini, kule zinapokelewa sawa kwa sawa na dola yao. Na akipata nafasi ya kupanda huko kaskazini akaandaliwa kitu kinaitwa oshifima asianze kuuliza ni nini, ni ugali wa uwele, uleule wa kwenu, na mboga yake wanaiita ombidi. Hiyo ni mgagani.